Sikukuu ya kombi: kamati ianze na usiku

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi wamama wa nyumbani, ukurasa huu umezoea kuongea juu ya kofia, viatu vya kazi, vumbi na maji ya kunywa. Leo tuongee juu ya sikukuu ya motokari. Msicheke kwanza.

Kombi ya Volkswagen, nani asiyeijua? Mholanzi mmoja, jina lake Ben Pon, aliichora kwa kalamu katika kitabu chake kidogo tarehe 23 Aprili 1947, na kiwanda kikaanza kuitengeneza mwaka 1950. Miaka mingi ilikuwa inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Ikiingia katika matope, wasafiri wanashuka, wanakunja suruali, wanasukuma. Halafu mwaka 1985 ikaanza kutoka kombi inayoitwa Syncro, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Hizo zilitengenezwa mjini Graz, nchi ya Austria, katika kiwanda cha Steyr-Daimler-Puch, na kazi hiyo ikakoma mwaka 1992. Ndani yake kuna kitu kama ngoma ndogo ya chuma yenye visahani na mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, mafuta yale yanakaza visahani, na nguvu inakwenda mbele yenyewe, bila shofa kugusa kitu. Watu wa garaji watapenda kusikia hiyo.

Kombi hizo hazitengenezwi tena, lakini wenye nazo wanazitunza kama mtu anavyotunza baiskeli ya marehemu baba yake. Wana vyama vyao Ulaya na Marekani. Wanakutana porini, au katika karieri za zamani zilizokwisha kuchimbwa, wanapanda vilima, wanaingia mchangani, na usiku wanalala ndani ya kombi zao na bibi na watoto. Mwaka 2025 Syncro ilitimiza miaka 40 tangu kazi ilipoanza kule Graz. Na miaka ya namna hiyo, ya 30, ya 40, ya 60, ndiyo inayoleta watu wengi. Mwezi wa Oktoba 2007, kwa kukumbuka miaka 60 ya mchoro wa Ben Pon, kombi karibu 5 000 za kila aina zilikusanyika Hannover, Ujerumani. Fikirini kambi ya namna hiyo!

Mimi ni mtu wa disipanseri, si wa garaji. Basi ninaitazama sikukuu hii kwa macho ya kazi yangu, na mawazo yangu ni haya: kamati inayoandaa mkutano mkubwa wa kombi inakosa kama inaanza na mchana. Inakaa mezani inapanga njia za kupanda mlima, zawadi, picha, muziki, nyama ya kuchoma. Usiku unakuja mwisho kabisa, pamoja na mambo ya takataka. Mimi ningegeuza karatasi. Kwanza tuandike watu hawa watalala namna gani, halafu ndiyo tuandike wataendesha wapi.

Kwa nini? Kwa sababu mchana hatari inaonekana. Shofa anaona mteremko, anaona maji, anaogopa, anapunguza mwendo. Usiku amekwisha kufunga mlango, amevua viatu, amelala. Na kitu kinachomwua hakina rangi, wala harufu, wala kelele.

Ninaongea juu ya hewa mbaya ya moto, ile waganga wanaita monoksidi ya kaboni. Wachimbaji wanapaswa kuijua kuliko wote. Zamani katika migodi ya makaa ya mawe Uingereza walishuka na ndege mdogo, kanari, katika kitundu, kwa shauri la mtaalamu John Scott Haldane, miaka ya 1890. Kanari anapumua mbio kuliko mtu, basi anaanguka mbele ya mtu, na watu wanapata nafasi ya kukimbia. Ndege hao walifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1986, hapo vyombo vya umeme vilipowapokea.

Kombi haina kanari. Ni chumba kidogo cha bati, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Watu wamechoma nyama jioni, mvua imeanza, mama anasema: tuingize mbabula hapa mlangoni, watoto wapate joto. Makala yamekwisha kufanya majivu meupe, yanaonekana yamekufa. Hayajafa. Makala ya namna hiyo yanaendelea kutoa hewa mbaya saa nyingi. Damu ya mtu inashika hewa hiyo zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, na ikiisha kuishika haiachi upesi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inakuwa mizito. Kule Ulaya anasema ni bia ya jana. Sisi hapa, mwezi wa Juni na Julai, baridi inapotuingiza mbabula chumbani, tunasema ni malaria. Wote wawili wanarudi kulala, na hilo ndilo kosa lenyewe. Angalieni alama moja: kama watu wote wa chumba kimoja wanaumwa kichwa saa moja, na wakitoka nje wanapona kidogo, usitafute mbu.

Lakini hapa watu watanijibu: Bwana muganga, watu hao ni wakubwa, wana kombi zao miaka mingi, wanajua mambo yao. Wamekuja kufurahi, usiwaletee sheria za kiwanda.

Ninakubali nusu. Ni kweli kila mtu anajua kombi yake. Lakini katika mkutano hapa tatizo ni kombi ya jirani. Nyumbani unalala peke yako uani. Kwenye sikukuu umepangwa kombi kwa kombi, na bomba la moshi la jirani linaangalia dirisha la mtoto wako. Jirani anasikia baridi saa nane ya usiku, anawasha mota apate joto. Mwingine ana mashine ndogo ya umeme, ameiweka nyuma ya kombi yake ili isimpigie kelele. Nyuma yake ndiyo mbele yako. Hata mtu mwenye akili nyingi hawezi kujilinda na moto wa mwingine akiwa amelala. Kazi hiyo ni ya kamati, na hakuna mwingine anayeweza kuifanya.

Tena sikukuu ya miaka mingi inaleta kombi ambazo hazikuja mwaka jana wala mwaka juzi. Mtu ameiacha garajini muda mrefu, anasikia ni miaka 40, anaamka, anafuta vumbi, anaweka betri mpya, anakuja. Mwili unang'aa, lakini mipira ya esansi imekauka na kupasuka. Katika kombi hizo mota iko nyuma, na katika zile za kulala kitanda kiko juu ya mota. Soma tena maneno hayo polepole: watu wanalala juu ya mota, na mpira wa esansi ni wa zamani. Kama ningekuwa katika kamati, ningeweka mekanisi wawili mlangoni na taa. Kombi inapoingia, wanafungua kifuniko cha mota, wanashika mipira kwa vidole, wananusa. Ikinuka esansi, haiingii katika mistari ya kulala mpaka itengenezwe. Ina mahali pake pembeni. Na kila kombi ionyeshe chupa yake ya kuzimia moto, si ile iliyofichwa chini ya magodoro. Nafasi kati ya kombi na kombi iwe ya kutosha moto usiruke, na njia katikati ibaki wazi kwa gari la kubeba mgonjwa. Kamati nyingi zitasikia uchungu kupoteza nafasi. Ni heri kukataa kombi 50 mapema kwa barua.

Mchana pia siutupi. Kombi ni ndefu kwenda juu, na juu wameongeza vitanda na mizigo. Ikikatisha mteremko kwa ubavu inapinduka upesi kuliko jeep. Maji yanayokimbia hayachezewi: sentimita 30 zinaweza kuchukua gari dogo, na 60 zinachukua hata gari kubwa. Anayekunywa bia anampa mwingine funguo mpaka kesho. Hayo yote mnayajua.

Kitu kimoja cha mchana nitakikalia, ni kamba. Kombi imezama matopeni, mwingine anakuja kuivuta. Wanatumia kamba ya nailoni inayonyooka kama mpira. Gari la mbele linakimbia kidogo, kamba inanyooka, halafu inang'oa lililozama. Ni kazi nzuri kama ndoano ni nzuri. Lakini mara nyingi mtu anafunga kamba kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela, na kile hakikutengenezwa kwa kushtuliwa. Kikikatika, kamba inakitupa kama risasi. Australia watu wamekufa hivyo, wengine wakiwa wamekaa ndani ya gari. Ninyi mnaofanya kazi na kable za chuma hamhitaji nieleze zaidi. Kwanza koleo: chimbeni mbele ya magurudumu, maana matope yakitolewa kamba haina kazi kubwa. Wekeni blanketi zito juu ya kamba. Mtu mmoja tu anatoa ishara, kama kwa kreni. Wengine wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba mara moja na nusu. Watoto ndio wanaosogea, kwa sababu hiyo ndiyo sinema yao. Na kama bomba la moshi limezama katika matope, mota izimwe wakati mnachimba. Moshi ukikosa njia ya nyuma unatafuta njia ya ndani.

Sasa hesabu ya maji na vyoo, ambayo kamati zinaikimbia. Tuseme kombi 300, watu wawili au watatu kila moja, ni watu 750. Wanaotunza kambi za wakimbizi wana kipimo: lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, na choo 1 kwa watu 20. Tukishika kipimo hicho, ni lita 11 250 kila siku na vyoo 38. Watu wa sikukuu wanafika na maji yao kidogo, ndiyo, lakini sijaona kwa nini mtu mwenye gari zuri apate choo kibaya kuliko mkimbizi. Kuhara katika kambi hakuulizi kombi ya mwaka gani.

Na nani atasimamia hayo? Si mwenyekiti. Mwenyekiti anataka sikukuu iendelee, hiyo ndiyo kazi yake. Katika mgodi mtu wa usalama anaweza kusimamisha kazi, hata kama tani za siku hazijatimia. Sikukuu pia ichague mtu wa namna hiyo, mwanamume au mwanamke, na watu wote waambiwe siku ya kwanza: huyu akisema kilima kimefungwa, kimefungwa. Asiwe yule mwenye kombi nzuri kuliko zote, maana huyo atakuwa kilimani. Sisi wenyewe tukiandaa Sainte-Barbe, tarehe 4 Desemba, mtu wa kuhesabu bia anachaguliwa mapema sana. Wa usalama tunamtafuta siku ileile asubuhi.

Katika hema la huduma ya kwanza, mbele ya bandeji na dawa ya kichwa, ningetaka chupa ya oksijeni na kinyago chake. Mtu aliyevuta hewa ya makala, akiwekwa nje tu, nusu ya sumu inatoka katika damu kwa saa 4 au 5. Akipewa oksijeni safi, ni saa moja na nusu hivi. Halafu anapelekwa lupitalo hata akisema amepona. Siku hizi kuna kingora kidogo cha betri kinacholia hewa hiyo ikiingia. Kamati iseme kwa barua kwamba kombi isiyo nacho hailali kambini. Mbabula na majiko yote ya makala yakusanywe saa tatu ya usiku mahali pamoja, nje, mbali na mistari. Anayeona baridi apewe blanketi. Kamati ikiwa na blanketi 100 za kuazimisha, imefanya kazi kubwa kuliko kununua keki.

Na asubuhi, saa kumi na mbili, mbele ya kahawa, watu wawili wapite kila mstari na orodha mkononi, wagonge kila mlango mpaka wasikie sauti ya mtu. Si lazima aamke. Atukane tu, inatosha, waandike alama. Pasipo na jibu wasingoje mwenyekiti: wafungue mlango au wavunje kioo, wazuie pumzi wakiingia, wamtoe nje, wamlaze mahali penye hewa, na mmoja akimbie kuleta oksijeni.