Deni la Elimu na Mlango wa Riba

Yametufikia maswali ya wazazi ambao watoto wao wamefuzu mitihani, na sasa wasimama mlangoni mwa Chuo Kikuu hali mkononi hawana kitu. Wauliza: Je, yafaa kijana wa Kiislamu kuchukua mkopo wa Serikali? Twajibu kwamba hapana budi kwanza kuutazama mkopo wenyewe, maana haifanani yote.

Katika Tanzania, Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa muda mrefu deni lake lilikuwa likiongezewa tozo ya 6% kila mwaka, ati ya kulinda thamani ya fedha. Jina lilikuwa zuri, lakini nyoyo za wengi hazikutulia, na zetu pia. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Aajiriwaye hukatwa 15% ya mshahara wake hata deni liishe.

Kenya mambo ni mengine. Bodi yao, iliyoundwa mwaka 1995, imekuwa ikitoza 4% kwa mwaka, na hiyo yajulikana kwa jina lake. Mzazi aichukiaye riba na abishe kwanza milango ya msaada wa karo wa kaunti na wa jimbo la bunge, ambao haurudishwi.

Iko pia Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, ambayo tangu mwaka 1983 imewasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wake. Utaratibu wake watupendeza mno: mwanafunzi hupewa fedha kama karadha njema, naye akisha kufanya kazi huzirudisha katika mfuko wa jamii yake, ili asome mwingine.

Lakini wengi hawakwami katika fikihi, hukwama katika karatasi. Yatima wa Tanzania aombaye mkopo hutakiwa cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, na kwa Zanzibar na wakala wa huko. Ni nyumba ngapi ambazo baba alizikwa alasiri, hitima ikasomwa, na cheti hakikufuatwa hata leo! Mtoto huja kukitafuta wiki ya mwisho ya maombi, akakikosa, na nafasi ikampita.

Na wanaokusanya Zaka misikitini wakumbuke kwamba wenye madeni wamo katika yale mafungu manane. Kijana aliyehitimu, asiye na kazi, na deni lamngoja, tusimpite tukidhani kwamba msomi hawi maskini.