Kalemie isifagie udongo wake

Katika viwanja vingi vya Kalemie, usafi hupimwa kwa ufagio. Ua usio na jani hata moja ndio unaosifiwa. Sababu yake inaeleweka: nyoka hapati pa kujificha. Lakini mvua zinapoanza mnamo Oktoba, ua huohuo hugeuka kijito. Udongo wa juu huondoka, msingi wa nyumba hubaki wazi, mtaro huziba, na jirani wa bondeni ndiye anayepokea tope.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifurika na kuingia katika nyumba za watu Kalemie, Uvira na Bujumbura. Hakuna nyasi zinazoweza kuzuia ziwa. Hata hivyo, zinaweza kuzuia udongo wa mlimani usijaze mitaro inayopaswa kuondoa maji ya mvua.

Kosa la pili ni la wenye uwezo: kununua pakiti za mbegu kutoka Ulaya kwa sababu ya picha nzuri iliyo juu yake. Nyingi ni nyasi za nchi za baridi. Huota vizuri wakati wa mvua, kisha kiangazi kikifika hudai maji kila siku. Katika mji ambako akina mama na watoto bado hubeba bidoni za maji kichwani, kunywesha pambo ni anasa isiyo na utetezi.

Dawa iko karibu. Ukoka, ambao wakulima wengi huuona kama adui, hutambaa wenyewe, hustahimili kukanyagwa, hukauka kiangazi na kuchipua tena mvua ya kwanza inaponyesha. Hauhitaji kununuliwa: vipande vya shina vyenye mizizi vikipandwa mwanzoni mwa mvua vinatosha. Paspalumu hufaa penye udongo duni, na mizizi yake hushika mteremko. Pembeni mwa kiwanja, pale maji yanapotokea kwa kasi, mstari wa vetiva hupunguza mbio zake. Chini ya mwembe, ambako ukoka hukosa jua na kufa, majani makavu ya mti yakiachwa hufunika udongo bila gharama.

Kuchanganya aina kuna faida: moja ikishindwa, nyingine hubaki.

Wanaoogopa nyoka wasipuuzwe. Waache ukanda uliofagiwa kuzunguka nyumba na wakate nyasi zikiwa fupi, panga linatosha. Wenye bustani ya mboga nao wachimbe mfereji mdogo wa mpaka na kuusafisha mara kwa mara, maana ukoka hauombi ruhusa ya kuingia kwenye matuta.

Shule na makanisa yenye viwanja vikubwa yangeweza kuanza, kisha yagawie majirani vipande vya kupanda. Udongo ukishafika ziwani haurudi, na ufagio hauwezi kuufuata huko.