Hesabu ya Chakula cha Kujenga Mwili

Wahesabu madebe ya mahindi na chupa za maziwa upelekazo sokoni. Je, wakihesabu chakula kibakicho nyumbani? Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 ahitaji protini gramu 50 hivi kila siku. Weka mkebe jikoni. Utie punje moja ya mahindi kwa kila yai ulilalo, kila kikombe cha maziwa, kila nusu kikombe cha maharagwe yaliyopikwa, au kipande cha nyama kama kibiriti. Kila kimoja kina gramu 7 hivi. Punje saba ifikapo jioni zatosha. Mtoto aliyeachishwa ziwa ahitaji chache, lakini akizikosa siku nyingi aweza kuvimba miguu kwa unyafuzi. Basi jaza mkebe kwanza, ndipo uuze.