Mjomba, Mwenyekiti na Kokoro



Wiki hii tumeona vema kutafakari jambo linalovunja vikundi vyetu vingi huku Suguti. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa katika somo la sosholojia kwamba mtu mmoja hushika nafasi nyingi katika jamii, na kila nafasi ina dhima yake, yaani yale ambayo wengine wana haki ya kuyatarajia kwake. Darasani lilionekana somo jepesi. Mwaloni si jepesi hata kidogo.

Tuchukue mfano. Mvuvi wa Ziwa Victoria ni baba, ni mjomba, ni mtu wa ukoo wake miongoni mwa Wajita au Wakwaya. Wenzake wamemchagua kuwa mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa mwalo, kile tunachokiita BMU, kinachotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Usiku mmoja linakamatwa kokoro, zana iliyokatazwa kwa kuwa hukokota hata sato na sangara wachanga. Mwenye kokoro ni mpwawe. Alfajiri dada yake yuko uani: “Kaka, utamfunga mwanao kwa ajili ya samaki?”

Hapo nafasi mbili zinagongana ndani ya kifua kimoja. Ni rahisi kusema kwamba mwenyekiti akilegea ni mla rushwa tu. Sisi twaona kwamba tatizo lina mzizi mrefu zaidi. Ukoo na chama ni mafungamano ya aina mbili. Katika ukoo hatuchaguani. Tunazaliwa humo na tunasaidiana bila kuhesabu. Chama huundwa kwa kusudi. Kina katiba, daftari na muhula wa uongozi. Mtu huondoka, kiti hubaki. Kila kimoja ni chema mahali pake. Madhara huja tunapokipa kimoja kanuni za kingine: tunaposamehe kosa la mwaloni kwa sababu ya udugu, au tunapokwenda msibani na vyeo vyetu, tukingojea kiti cha mbele wakati wenzetu wanapasua kuni.

Majirani zetu wa Butiama wanao mfano mzuri. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922, alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, ili akaijenge TANU. Serikali akamwachia Rashidi Kawawa. Mwaka 1985 aliacha urais, akabaki mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Alijua kutofautisha chama na serikali, na mtu na kiti chake. Ndiyo maana ya usemi wetu kwamba cheo ni dhamana.

Watakuwapo watakaotuambia: “Padre, damu ni nzito kuliko maji.” Ni kweli, na kwa sababu hiyohiyo tusimwachie mtu mmoja mzigo wa kuwa shujaa. Kikundi kiandike mapema katika kanuni zake kwamba shauri likimhusu ndugu wa kiongozi, kiongozi huyo hutoka nje, wengine huamua, na uamuzi huandikwa. Hapo mwenyekiti atapata nafasi ya kuwa mjomba kweli: kumsindikiza mpwawe mbele ya sheria, na baadaye kumchangia, kwa fedha yake mwenyewe, anunue nyavu halali.

Nasi tulio ndugu tuna dhima yetu: kutomwomba mtu wetu atupe kile ambacho si mali yake. Mapadre hatumo nje ya jambo hili. Nasi tuna kaka, dada na wapwa, na sanduku la parokia si la ukoo wetu.

Basi wapendwa, kabla ya kupiga hodi kwa mwenyekiti aliye ndugu yetu, tujiulize tunakwenda kumwona nani. Sato mchanga naye angependa kukua, lakini hana mjomba kwenye kamati.