Chombo kinywe tangini, si gatini

Mfanyabiashara anayepakia saruji au sukari Kigoma kwenda Bujumbura au Kalemie huuliza habari za upepo na mawimbi. Ni nadra aulize habari za mpira wa maji. Hata hivyo chombo kinaweza kujaa maji kikiwa kimefungwa kamba gatini, ziwa limetulia kama maji ya mtungini.

Chombo ambacho mabaharia hulala humo kina mabomba, sinki, pengine na bafu. Maji yake hutoka tangini kwa pampu ndogo. Kikifika gatini, kishawishi ni kuunganisha mpira wa bandari moja kwa moja na mabomba hayo, watu wasijisumbue kujaza tangi. Hatari huanzia hapo. Tangi la lita 500 likivujia ndani, maji hayazidi lita 500. Bomba la mji halina mwisho. Likitoa lita 20 kwa dakika, saa moja ni lita 1,200, yaani tani 1.2, usiku wa saa nane ni karibu tani 10. Kinachobaki ni pampu ya kutoa maji ngamani, kama ipo, na kama betri haijaisha. Saruji nayo haingoji chombo kizame. Ikilowa tu imekwisha kuwa mawe.

Tena presha ya nchi kavu mara nyingi huizidi ile ya pampu ya chombo, na hupanda usiku mji unapofunga koki zake. Kiungo kilicholegezwa na mtikisiko wa injini huchomoka saa hizo, watu wamelala au wamekwenda mjini.

Wapo wanaotegemea kipunguza presha peke yake. Wanakosea: kiungo kikishachomoka, kifaa hicho hakifungi maji. Njia rahisi ni kujaza tangi mtu akiwa amesimama hapo, kisha kufunga koki na kuchomoa mpira. Anayeshikilia kuunganisha moja kwa moja asitoke chomboni wala asilale kabla ya kufunga koki ya gatini. Ya jikoni haitoshi.

Mwenye mzigo hana haja ya kuwa fundi. Ana haja ya kumuuliza nahodha: usiku mpira unakuwa wapi? Kigoma, Uvira na Kalemie swali hilo linaeleweka kwa Kiswahili. Liulizwe kabla ya kupakia, nauli ikiwa bado mfukoni.