Je, Kompyuta Yaweza Kupima Saa za Kazi?

Mwanafunzi afanyaye mradi kwa kompyuta aghalabu hutakiwa kueleza ametumia saa ngapi. Zamani alijaza daftari kwa mkono, na kila mwalimu ajua lilivyojazwa: Ijumaa jioni, wiki nzima ikibuniwa kwa dakika 10. (Nami nililijaza vivyo hivyo nilipokuwa ng'ambo nikiandika tasnifu yangu.) Siku hizi zipo programu zinazoandika muda zenyewe, na wapo walimu wanaotaka kuzitumia katika kutoa alama. Nionavyo mimi, hilo ni kosa.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi kipima-muda cha namna hii kifanyavyo kazi. Kila baada ya sekunde chache huuliza kompyuta mambo mawili: ni dirisha lipi lililo mbele ya mtumiaji, na kibodi au kipanya kiliguswa mara ya mwisho lini. Jina la dirisha huandikwa pamoja na saa. Zikipita dakika kadhaa, tuseme 5, bila chochote kuguswa, huhesabiwa kwamba mtu ameondoka. Basi. Hakuna mahali kinapouliza kama mtu anafikiri.

Kuhesabu muda katika kompyuta si jambo jipya. Mfumo wa CTSS, uliooneshwa mwaka 1961 katika chuo cha MIT, Marekani, uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu za vipande vidogo vya muda. Mashine ilikuwa ghali mno, kwa hiyo muda wake uligawiwa kwa hesabu. Lakini kilichopimwa wakati ule kilikuwa mashine. Leo apimwaye ni mtu.

Miaka michache iliyopita, katika idara moja niliyofundisha, tulikubaliana kwamba sehemu ya alama za mradi itokane na saa zilizoandikwa na kipima-muda. Nakiri kwamba niliunga mkono. Mwanafunzi mmoja, aliyetengeneza mpango bora kuliko wote wa kupanga safari za mabasi, alionekana kuwa amefanya kazi saa 11 tu. Mwenzake alikuwa na saa zaidi ya 60, na mradi wake haukufanya kazi. Nilipomwita yule wa kwanza alinionesha daftari la kurasa 40 lililojaa michoro ya penseli. Alikuwa akifikiri juu ya karatasi, na muda wote huo kompyuta iliandika kwamba hayupo. Yule wa pili naye hakudanganya. Alikuwa akibahatisha, akibonyeza, akibahatisha tena. Alama zilikuwa zimekwisha kupelekwa, wala hazikubadilishwa.

Tena upimaji wa namna hii hufundisha hila. Mwaka 2024 benki moja kubwa ya Marekani iliwaachisha kazi watu zaidi ya 10 kwa kuigiza mguso wa kibodi ili waonekane kazini.

Sisemi vipima-muda vitupwe. Aliyekisia kwamba kusafisha takwimu zake kutamchukua saa 3, kisha akaona zimekuwa 9, amejifunza jambo ambalo mwalimu hawezi kumwambia. Hapana budi, hata hivyo, kumbukumbu hiyo iwe yake. Majina ya madirisha hufichua barua za mtu, maradhi anayoyasoma, hata kazi anayoiomba kwingine. Zipo programu, kama ActivityWatch, ambazo huhifadhi kumbukumbu ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Hizo ndizo ningezichagua. Nchini Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wanayo yao ya mwaka 2019. Mwalimu akusanyaye kumbukumbu za darasa zima angefaa kuisoma kabla ya kuanza.

Katika somo langu kipima-muda sasa ni hiari ya mwanafunzi, na hakina alama. Naomba makisio ya muda kabla ya kazi, maelezo ya pale yalipokosea, na daftari la penseli, ambalo nalisahihisha kwanza.