Muziki wa polepole si muziki wa matanga

Katika redio nyingi za mashariki mwa Kongo kuna sheria isiyoandikwa popote: gitaa la polepole linapigwa mtu mkubwa akifa. Rumba na ndombolo vinazimwa, nyuzi zinalia peke yake, na msikilizaji anajua kuna msiba kabla hajaambiwa. Msiba ukiisha, kelele inarudi. Sheria hiyo ni mbaya, na wa kwanza kuumizwa nayo ni familia zilizohama makwao kwa sababu ya vita.

Wanaoitetea wanasema muziki wa utulivu ni mambo ya wazungu. Ni kweli wazungu wameupa jina. Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa albamu ya sauti ndefu na laini, isiyo na ngoma, iliyokusudiwa viwanja vya ndege, akauita muziki huo ambienti. Mkongomani akisikia jina hilo atacheka, maana huku ambiansi ni bia baridi, spika kubwa na viuno. Lakini kitu chenyewe si kigeni. Bashi wa Kivu ya Kusini wana lulanga, ubao uliochongwa kama sinia refu na kufungwa nyuzi, ambao mpigaji anaugusa huku akiimba na kusimulia. Likembe nayo inamtosha mtu mmoja anayetembea njia ndefu. Vyombo hivyo havikuundwa vishindane na jenereta. Viliundwa kwa ajili ya watu waliokaa karibu na wanaosikilizana.

Ushahidi mwingine ni mtoto wa Bukavu. Lokua Kanza alizaliwa mji huo mwaka 1958, akakulia Kinshasa, akapiga gitaa katika kundi la Abeti Masikini, kisha mwaka 1984 akahamia Paris. Albamu yake ya kwanza, yenye jina lake mwenyewe, ilitoka mwaka 1993, wakati nchi yote ilikuwa inacheza muziki wa mbio. Yeye alikuja na gitaa la mbao, sauti zinazopishana, ngoma kidogo, na nafasi ya kupumua kati ya neno na neno. Mwaka 1995 alitoa Wapi Yo, na mtu wa Goma hahitaji kujua Lingala ili neno « wapi » limguse. Mwaka 2004 alikaa na Gérald Toto na Richard Bona, wakatengeneza albamu inayosimama juu ya sauti zao watatu na vyombo vichache. Dunia ilimsikiliza. Huku alikozaliwa, nyimbo za namna hiyo zinangoja mtu afe.

Kuna ubaya mwingine unaozidi huo. Muziki wa utulivu unaruhusiwa hewani pia pale unapowekwa chini ya sauti ya mama anayesimulia jinsi alivyokimbia kijiji chake. Mama anaongea, nyuzi zinalia polepole nyuma yake, na mwishoni linatajwa shirika lililolipa kipindi. Hapo chombo cha babu kimegeuzwa mkeka wa kuombea msaada. Jina la mpigaji halitajwi, na pengine hakuna hata aliyemuuliza. Mtu aliyehama anafundishwa kwamba sauti ya kwao ni sauti ya huruma tu.

Wapo watakaosema kwamba watu hao wamechoka na huzuni, waachiwe wacheze. Waachiwe, tena wacheze sana! Hakuna anayeomba ndombolo ifungwe. Lakini siku ina saa 24. Mama aliyeshinda kwenye foleni ya maji, ambaye usiku anasikia mlio wa risasi na kuwatuliza watoto sita chini ya hema moja, hahitaji kuchezeshwa saa zote. Kuna saa anahitaji sauti inayomwambia mtoto alale, kwa lugha ambayo bibi yake aliimba. Redio ndogo ya betri inaweza kumpa hiyo. Hilo haliwezi kuitwa anasa.

Na muda unapita. Mzee anapokimbia Masisi au Kalehe anabeba mtoto, godoro na sufuria. Lulanga inabaki ukutani, na nyumba ikichomwa, inaungua nayo. Wimbo unabaki kichwani mwake tu, na mzee naye hatangoja miaka mingi. Zaidi ya miaka 70 iliyopita Hugh Tracey alizunguka Afrika na mashine nzito za kurekodi. Katanga alimrekodi Mwenda Jean-Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili na gitaa moja. Kwa sababu ya kazi hiyo gitaa la Mwenda bado linasikika leo, na rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini. Mgeni aliona thamani. Leo kila mtangazaji ana simu inayorekodi mfukoni mwake, na wazee wanaishi mwendo wa dakika chache kutoka studio.

Kwa hiyo wakuu wa redio hawana kisingizio. Saa moja kila usiku itengwe kwa muziki wa nyuzi, likembe na sauti, bila tangazo la biashara katikati. Waandishi waende kwa wazee waliohama, wawaombe ruhusa, wawarekodi. Anayeogopa kujulikana alipo asitajwe mahali pake. Anayekubali atajwe jina lake lote kama wanavyotajwa mastaa wa Kinshasa. Alipwe, hata franka kidogo, kwa sababu amefanya kazi. Nakala ya rekodi ipewe familia yake, nyingine ibaki redioni. Na siku mtu mkubwa atakapokufa tena, msikilizaji asitambue msiba kwa sababu gitaa limelia. Awe amelizoea kulisikia tangu jana, na juzi, watu wakiwa wazima.